Mkono, Chakula na Jirani: Akili ya Kima na Jamaa Zake

Mtaa wa Huruma, Nairobi, umejengwa ghorofa kwa ghorofa kando ya mto Mathare, na mnyamapori anayeonekana huko kila siku ni mwewe anayezunguka juu ya machinjio ya mbuzi ya Kiamaiko. Hata hivyo, ukifuata Barabara ya Juja hadi Pangani kisha ukaelekea Parklands, mwendo wa kilomita tano hivi, unafika City Park, bustani ya umma yenye mabaki ya msitu wa asili wa Nairobi na makundi ya kima wanaoishi humo. Familia nyingi za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, huenda huko Jumapili na sikukuu. Hununua njugu na ndizi. Kima huteremka mtini, akanyoosha mkono, akachukua njugu kwenye kiganja cha mtoto, akaimenya na kutupa ganda. Mtoto akiviona vidole vile, vyenye kucha na mistari kama vyake, huuliza: je, huyu anafikiri?

Swali hilo limewashughulisha wanasayansi tangu enzi za Charles Darwin. Jambo ambalo wakazi wa Nairobi hawaambiwi vya kutosha ni kwamba sehemu kubwa ya majibu imepatikana hapa kwetu: Amboseli, Gilgil, Laikipia na Kakamega nchini Kenya, Gombe na Mahale nchini Tanzania, Jozani kisiwani Unguja, Budongo na Kibale nchini Uganda. Majibu hayo yakiwekwa pamoja na yale yanayowahusu kapuchini, wanyama wadogo wa Amerika ya Kati na Kusini wanaosifika kwa wepesi wa mikono, jambo moja linadhihirika. Akili ya wanyama hawa haipangiki kwenye ngazi moja ambayo binadamu amekalia kipago cha juu na wengine wamepangwa chini yake. Kila spishi imenoa akili yake kwa shughuli zake, na vinavyoinoa ni vitatu: mkono, chakula na jirani. Tunapowatazama, macho yetu huvutwa na mkono. Hoja yangu ni kwamba jirani ndiye mwenye uzito zaidi, na kwamba tukimsahau yeye tutawaelewa wanyama hawa vibaya na kuwatendea vibaya.

Mkono unaweza nini

Mbega, yule mweusi mwenye manyoya marefu meupe ubavuni, hana kidole gumba cha maana. Kilichobaki ni kinundu tu. Hiyo haimpunguzii kitu. Mbega ni mla majani, husafiri kwa kuruka kutoka tawi hadi tawi, na vidole vyake vinne vinatosha kushika tawi na kulivuta hadi mdomoni. Mbega waliletwa katika msitu wa Karura kutoka eneo la Kipipiri katika miaka ya 2010, kwa hiyo mkazi wa Nairobi anaweza kwenda kujionea mwenyewe jinsi wanavyokula bila gumba.

Nyani wa nyikani ni kinyume chake. Anashinda akitembea ardhini, na riziki yake huja kidogo kidogo: mbegu za nyasi, mizizi na vitunguu vya porini, wadudu, maganda ya migunga. Gumba lake ni refu likilinganishwa na vidole vyake vingine, na ncha yake inakutana na ncha ya kidole cha shahada. Anaweza kung'oa kijiti kimoja cha nyasi, kukipangusa udongo na kula sehemu laini tu, tena mara nyingi kwa saa. Sokwe, ambaye ni jamaa yetu wa karibu zaidi, ana vidole virefu vya kuning'inia mitini na gumba fupi. Kitu kidogo hukibana kati ya gumba na ubavu wa kidole cha shahada.

Kapuchini naye ana gumba lisilozunguka vizuri kama letu, lakini amefidiwa kwingine. Mwaka 1993 watafiti Gail Bortoff na Peter Strick walionyesha kwamba ubongo wa kapuchini una nyuzi nyingi za neva zinazofika moja kwa moja kwenye seli za uti wa mgongo zinazoendesha misuli ya vidole. Wengine wa misitu ile ile ya Amerika wana chache mno. Ndiyo sababu kapuchini anaweza kukisogeza kidole kimoja bila kuvisogeza vingine, kazi inayowashinda wenzake.

Sasa tazama mahali ambapo maelezo ya mkono peke yake yanakwama. Nyani, mwenye gumba bora, ni nadra sana kutumia zana porini. Sokwe, mwenye gumba fupi, hutumia zana nyingi kuliko mnyama mwingine yeyote ukimwondoa binadamu. Mkono mzuri hufungua mlango tu. Ili kujua nani ataupita, tuangalie chakula.

Njaa iliyofichwa ndani ya ganda

Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe Julai 1960. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amemwona sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard akiingiza bua la nyasi kwenye kichuguu na kulitoa likiwa limejaa mchwa. Alimwona pia akichuma kijiti na kukipukuchua majani kabla ya kukitumia. Wakati huo vitabu vilifundisha kwamba kutengeneza zana ndiko kunakomtenga binadamu na wanyama. Mafundisho hayo yalilazimika kubadilika.

Zana nyingi za sokwe zinahusu chakula ambacho mkono mtupu haukifikii: mchwa ndani ya kichuguu, asali ndani ya gogo, maji ndani ya tundu la mti. Hali ya kapuchini ni hiyo hiyo. Katika uwanda mkavu wa Boa Vista, jimbo la Piauí nchini Brazili, kapuchini huvunja kokwa ngumu za miti ya jamii ya michikichi kwa mawe. Kokwa huwekwa kwenye kishimo juu ya gogo au mwamba, kisha mnyama husimama kwa miguu miwili na kulishusha jiwe kwa mikono yote miwili. Mawe hayo huwa na uzito wa kilo moja hivi, na kapuchini mwenyewe ana kilo mbili hadi nne. Timu ya Dorothy Fragaszy, Elisabetta Visalberghi, Patrícia Izar na Eduardo Ottoni iliwapa mawe yaliyofanana kwa sura lakini yenye uzito tofauti. Kapuchini waliyagonga kwa vidole, wakayapima mkononi, wakachagua zito. Kazi ya aina hii ina umri mkubwa: katika hifadhi ya Serra da Capivara, jimbo hilo hilo, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua mawe ya kapuchini yenye umri wa miaka 3,000 hivi.

Habari za kapuchini hao zinatugusa moja kwa moja sisi wa Kenya. Julai 2011, huko Lomekwi magharibi mwa Ziwa Turkana, Sammy Lokorodi, Mturkana aliyekuwa katika timu ya Sonia Harmand na Jason Lewis, aliyaona mawe yaliyochongwa. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2015, umri wake ulitajwa kuwa miaka milioni 3.3, na hizo ndizo zana za mawe kongwe kuliko zote zinazojulikana. Mwaka uliofuata, watafiti wakiongozwa na Tomos Proffitt walitangaza kwamba kapuchini wa Serra da Capivara hugonganisha mawe na kuangusha vipande vyenye makali, vinavyofanana sana na vile vya mababu zetu. Ila kapuchini hawavitumii vipande hivyo. Hulamba vumbi la jiwe lililovunjika na kuondoka. Kwa hiyo kipande chenye makali, kikiwa peke yake, hakitoshi kuthibitisha kusudi la aliyekiangusha. Lomekwi haikuporomoka kwa ugunduzi huo, kwa kuwa huko kuna ushahidi mwingi wa kuchongwa kwa makusudi, lakini kila mchimbaji wa mambo ya kale sasa anajua kwamba ana maswali zaidi ya kujibu.

Chakula hunoa akili hata pasipo zana. Kima punju wa Jozani, ambaye hupatikana Zanzibar pekee, hula majani ya miembe na mikungu yenye kemikali zinazoweza kumdhuru. Thomas Struhsaker na wenzake walieleza mwaka 1997 kwamba wanyama hao hula mkaa wa matanuri na wa magogo yaliyoungua, na mkaa hunasa kemikali hizo tumboni. Huko Mahale, mwaka 1987, Michael Huffman na mwenzake Mohamedi Seifu Kalunde walimtazama sokwe jike mgonjwa akimenya vitawi vichungu vya mjonso na kufyonza maji yake, na kufikia siku iliyofuata alikuwa ameanza kupata nafuu. Kalunde aliufahamu mmea huo kama dawa ya watu wake, Watongwe. Magharibi mwa Kenya unajulikana pia, na Waluo huuita olusia. Watafiti wawili walikuwa wakitazama tukio moja, na aliyejua lina maana gani alikuwa mtoto wa eneo hilo.

Sauti za Amboseli

Njaa inaeleza mengi, lakini haielezi kwa nini mnyama mwenye chakula kilichotapakaa kila mahali, kama tumbili, awe na ubongo mkubwa kiasi kile. Hapo ndipo jirani anapoingia.

Katika miaka ya 1960, Struhsaker aliwasikiliza tumbili wa Amboseli na kugundua kwamba wana milio tofauti ya tahadhari kwa maadui tofauti. Mwaka 1980, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walichapisha jaribio lililokuwa rahisi kwa umbo na zito kwa matokeo. Walificha spika vichakani na kucheza milio iliyorekodiwa wakati hakuna adui yeyote. Mlio wa chui uliwapeleka tumbili mtini. Mlio wa tai uliwafanya watazame juu au wakimbilie vichakani. Mlio wa nyoka uliwafanya wasimame wima na kukagua nyasi. Hakukuwa na chui, tai wala nyoka. Kilichokuwapo ni sauti tu, na sauti ilibeba habari ya kutosha kuamua pa kukimbilia.

Watoto wa tumbili hukosea. Hulia mlio wa tai wakiona korongo au hata jani linaloanguka, na kadiri wanavyokua hubakiza ndege wa hatari peke yao. Wanazaliwa na umbo la mlio; matumizi yake hufunzwa na kundi. Miaka mingi baadaye, watafiti walirusha droni juu ya jamaa wa tumbili hao nchini Senegali, wanyama ambao hawakuwahi kuiona. Waliitikia kwa mlio unaofanana na ule wa tai wa Amboseli, na mara moja wakajifunza kuogopa uvumi wake.

Jaribio lingine la Cheney na Seyfarth halisemwi sana, nami naliona kubwa kuliko la maadui. Walicheza kilio cha mtoto wa tumbili mbele ya majike matatu, mmoja wao akiwa mama yake. Mama alitazama upande wa spika. Wale wawili wengine walimtazama mama. Walijua kilio kile ni cha mtoto wa nani. Ujuzi huo hauhusu chakula wala adui. Unahusu nani ni wa nani, na kila mtu aliyelelewa kwenye ploti yenye choo kimoja na bomba moja anajua thamani yake.

Jirani kama riziki

Utafiti wa nyani wa Amboseli ulianzishwa na Jeanne na Stuart Altmann mwaka 1971, na unaendelea hadi leo. Nyani hutambuliwa mmoja mmoja kwa sura, na ukoo wake hufuatwa kizazi hadi kizazi. Kazi hiyo imeshikiliwa kwa miongo na Wakenya, wakiwamo Raphael Mututua, Serah Sayialel na Kinyua Warutere, ambao majina yao yamo kwenye machapisho ya mradi huo. Mwaka 2003, takwimu zao zilionyesha kwamba majike wenye uhusiano mzuri na wenzao huwa na watoto wengi zaidi wanaofikisha umri wa mwaka mmoja. Mwaka 2016, Jenny Tung na wenzake walionyesha upande wa pili: jike aliyepatwa na mikosi mitatu au zaidi utotoni, kama kufiwa na mama au kuzaliwa mwaka wa ukame, hufa takriban miaka 10 mapema kuliko aliyepata mmoja au asiyepata wowote.

Tusiharakishe kusema urafiki hulipa siku zote. Marina Cords amewafuatilia kima wa msitu wa Kakamega tangu 1979, na hao ni ndugu wa karibu wa kima wa City Park. Mwaka 2018, yeye na Nicole Thompson walieleza kwamba majike wenye urafiki imara na wenza wale wale mwaka hadi mwaka walikuwa na nafasi nzuri ya kuishi. Wale waliokuwa na urafiki mzito lakini wakibadilisha wenza walikuwa katika hatari zaidi ya kufa. Kinachookoa ni jirani anayedumu.

Jirani hubadilisha hata namna ya kuamua. Shirley Strum, aliyeanza kuwafuatilia nyani wa shamba la Kekopey, Gilgil, mwaka 1972, aliwakuta madume wasiotawala kwa mabavu kama ilivyodhaniwa. Walihitaji urafiki wa majike na watoto ili wapate nafasi. Mashamba yalipowazunguka, Strum alisimamia kuhamishwa kwao hadi Laikipia mwaka 1984, na huko walilazimika kujifunza mimea mipya ya kula. Huko huko Laikipia, katika kituo cha Mpala, timu ya Margaret Crofoot iliwavisha nyani 25 wa kundi moja vifaa vya kurekodi mahali walipo kila sekunde. Matokeo ya mwaka 2015 yalikuwa wazi: kundi halikumfuata dume mkubwa. Wakubwa kwa wadogo walijaribu kuanzisha safari, na wengine walielekea kule walikokubaliana wengi. Pande mbili zilipotofautiana kidogo, walipita katikati. Zilipotofautiana sana, walichagua mmoja.

Kurithishana ujuzi

Hapa nyuzi tatu zinakutana. Mkono wa mtoto haujui kazi. Chakula kigumu kinaisubiri kazi hiyo. Kati ya viwili hivyo amekaa aliyekwisha kujua.

Elizabeth Lonsdorf alionyesha mwaka 2004 kwamba watoto wa kike wa sokwe wa Gombe hujifunza kuvua mchwa zaidi ya miaka miwili mapema kuliko wa kiume. Sababu yake ni kwamba binti hukaa karibu na mama na kumtazama muda mrefu, wakati mwanawe wa kiume anacheza. Watoto wa kapuchini wa Boa Vista nao hupiga kokwa bila mafanikio kwa miaka kadhaa, wakiwa karibu na wakubwa ambao huwavumilia na kuwaachia makombo. Anayetembea Kariobangi Light Industries, jirani na Huruma, amewaona vijana wakikaa hivyo hivyo kando ya fundi wa jua kali, wakishika vyuma vilivyotupwa na kuviharibu mara nyingi kabla ya kukabidhiwa kazi ya mteja. Fundi haendeshi darasa, lakini hafukuzi mikono inayojaribu, na ujuzi unapita hapo.

Kwa kuwa ujuzi hupita kwa ukaribu, kila jamii hupata desturi zake. Thibaud Gruber na wenzake waliweka asali kwenye matundu ya magogo katika misitu miwili ya Uganda. Sokwe wa Kanyawara, Kibale, walichukua vijiti. Wale wa Sonso, Budongo, walitumia vidole au walitafuna majani wakayafanya sifongo. Asali ilikuwa moja na tundu lilikuwa moja; tofauti ilitoka katika malezi. Mwaka 2011, dume mkuu wa Sonso alianza kutengeneza sifongo kwa kuvumwani, na watafiti waliweza kuufuata uvumbuzi huo ukipita kwa wale waliokuwa karibu na mtumiaji.

Desturi inaweza hata kumshinda mnyama mmoja mmoja. Nchini Afrika Kusini, Erica van de Waal na wenzake waliwapa tumbili mahindi ya rangi mbili, ya buluu na ya waridi, na rangi moja katika kila kundi wakaitia uchungu. Baadaye uchungu uliondolewa. Watoto waliozaliwa wakati huo walikula rangi ya mama zao. Kati ya 27 ni mmoja tu aliyekwenda kinyume. Madume waliohamia kutoka makundi mengine nao waliacha rangi waliyoizoea na kufuata ya wenyeji, isipokuwa mmoja.

Mahali akili inapokoma

Mchambuzi anayewapenda wanyama hawa ana wajibu wa kutowavika sifa wasizo nazo. Tumbili wale wale wa Amboseli, wanaojua kila mtoto ni wa nani, hawakushtuka walipoona mzoga ukining'inia mtini, ingawa mzoga namna hiyo ni alama ya chui aliye karibu. Hawakushtuka pia kwa alama za chatu mchangani. Kwa mambo ya jamii wao ni wajuzi. Kwa kusoma dalili zilizoachwa na asiyeonekana, dhaifu.

Kapuchini naye ana mpaka wake. Mwaka 1994, Visalberghi na Luca Limongelli waliwapa kapuchini wanne bomba linaloonyesha ndani, lenye kipande cha chakula na shimo katikati. Ukisukuma vibaya, chakula huangukia shimoni. Mmoja tu alifaulu. Bomba lilipogeuzwa, shimo likawa juu na halina madhara, kapuchini yule aliendelea kulikwepa. Alikuwa amejifunza kanuni ya kushinda bila kuelewa chakula huanguka kwa nini.

Mfano mashuhuri kuliko yote unahitaji uangalifu wa aina hiyo. Mwaka 2003, Sarah Brosnan na Frans de Waal walieleza kwamba kapuchini aliyekuwa akipokea tango kwa furaha hulikataa anapomwona mwenzake akipewa zabibu kwa kazi ile ile. Dunia ilisema kapuchini anajua haki. Watafiti wengine waliporudia majaribio ya aina hiyo, matokeo hayakukubaliana, na kuna maelezo mepesi zaidi: kapuchini huenda analikataa tango kwa sababu zabibu iko mbele ya macho yake na haimfikii, awepo mwenzake au asiwepo. Napendelea maelezo mepesi hadi mazito yathibitishwe. Kumheshimu mnyama hakututaki tumfanye binadamu mdogo.

Hata hivyo, mipaka hii inaunga mkono hoja yangu. Kama akili ingekuwa kitu kimoja, tumbili anayejua koo zote za kundi angeshindwaje kuusoma mzoga mtini? Ameshindwa kwa sababu koo ndizo kazi yake ya kila siku.

Jirani mpya ni sisi

Kwa kima wa Nairobi, jirani aliye karibu zaidi baada ya kundi lake ni binadamu. Mkono unaotoa njugu unafundisha. Mtoto wa kima anayekua akimwona mama yake akipata chakula kwa wageni hujifunza watu kuliko anavyojifunza miti, na anayejifunza watu hujifunza pia mifuko yao na madirisha yao. Kisha tunamwita mwizi, ingawa somo tulilitoa sisi.

Mfano mzito zaidi unatoka Masai Mara. Robert Sapolsky alilifuatilia kundi la nyani ambalo madume yake wakali walikuwa wakienda kupigania mabaki kwenye jalala la hoteli ya watalii. Katikati ya miaka ya 1980, nyama yenye kifua kikuu iliyotupwa hapo iliwaua madume hao. Waliobaki walikuwa majike na madume wapole. Kundi likawa tulivu, na utulivu huo uliendelea miaka mingi hata baada ya madume wote wa awali kutoweka na wageni kuchukua nafasi zao, kwa kuwa wageni walipokewa kwa upole na wakaufuata. Tukio hilo linatufunza mambo mawili kwa pamoja. Takataka zetu zinaweza kuangamiza sehemu kubwa ya madume wa kundi zima. Na jamii hiyo ina mwenendo unaorithishwa, kwa hiyo tunachokivuruga ni kikubwa kuliko idadi ya vichwa.

Magonjwa hupita pande zote mbili, na kwa hilo tuna wataalamu hapa mjini: Taasisi ya Utafiti wa Nyani iliyoko Karen, iliyoanzishwa na Louis Leakey huko Tigoni mwaka 1960. Sheria pia ipo. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumfuga tumbili au kima bila kibali ni kosa. Mtoto wa kima aliyetolewa kwa mama yake na kufungwa kamba kwenye roshani amenyimwa chakula cha akili yake, kwa maana ya yale yote yaliyoelezwa hapo juu: hana wa kumtazama.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kaunti izuie uuzaji wa vyakula vya kulishia kima ndani ya City Park, na wauzaji wapewe nafasi ya kuwaongoza wageni, kwa kuwa wao ndio wanaowajua wanyama hao kwa tabia zao. Pili, mapipa ya taka ya bustani yawe na vifuniko vinavyofungwa; mkono tuliouchambua hapa hauzuiwi na mfuniko wa kuwekelea tu. Tatu, shule za msingi na za sekondari ya msingi za Huruma, Mathare na Kariobangi ziifanye City Park kuwa maabara yao ya sayansi.

Hili la tatu si ndoto. Amboseli na Kakamega zilianza kwa kalamu, karatasi na uvumilivu wa kumjua kila mnyama kwa sura yake. Mwanafunzi anaweza kuandika kima fulani ametumia mkono upi kuchuma jani, ameketi na nani, nani amemchambua nani manyoya, na mtoto amemtazama nani alipokuwa akila. Akirudi kila wiki kwa muhula mzima, pamoja na wenzake na mwalimu, watakuwa na takwimu za kima wa mjini, na wataweza kuzilinganisha na za kima wa msituni Kakamega. Kutoka hapo, vijana wa Eastlands wanaweza kuwa waandishi wa sayansi hii kama walivyokuwa Mututua, Sayialel na Warutere huko Amboseli, na kaunti itakuwa na watu wa kuuliza kila inapotaka kuamua lolote kuhusu bustani hiyo na wanyama wanaoishi ndani yake.